Iafoni za waya: kwa nini nimerudi kwenye waya hapa Kisumu

Swali ni kama bado natumia iafoni za waya, yaani vile visikizio vya masikioni vyenye kamba. Nianze na jibu, maana najua wengine hamtafika mwisho. Ndiyo, natumia iafoni za waya kila siku. Zisizo na waya nimezijaribu kwa pesa ya jasho langu, na nikarudi kwenye waya. Mdogo wangu anayesoma Maseno haamini. Kila akija Manyatta kunitembelea ananiuliza, "Dada, bado unajifunga kamba?" Basi haya ndiyo majibu yangu yote kwa pamoja, ili akiuliza tena nimtumie.

Kazi yangu ni kusikiliza. Watafiti wanaofanya mahojiano huku Nyanza, ya afya, ya uvuvi, ya kilimo, hurekodi sauti na kunitumia kwenye simu, nami naandika neno kwa neno yaliyosemwa. Mara nyingi ni Kidholuo kinachochanganyika na Kiswahili, na lazima vyote viingie jinsi vilivyotamkwa. Dakika moja ya sauti hunila dakika tano au zaidi, hasa kama mahojiano yalifanyiwa karibu na kuku. (Watafiti, nawaomba: ondokeni karibu na kuku.) Kwa hiyo mimi si mtu wa kuvaa iafoni nusu saa kwenye matatu. Nikizivaa asubuhi, mara nyingi ni mpaka saa kumi jioni, nikizivua tu kwa chai na chakula cha mchana.

Zile za Bluetooth nilizinunua mjini kwa bei ya kati, si zile za kutupa baada ya wiki. Kwa muziki sizisingizii, zilicheza vizuri, na besi ilikuwa nzito kuliko ya iafoni yoyote ya waya niliyowahi kumiliki. Shida ilikuwa kwenye kusimamisha na kuendelea. Ninaposimamisha sauti ili niandike, zinasinzia kidogo ili zisimalize betri. Nikibonyeza kuendelea, simu inaanza kucheza lakini masikioni sauti inafika imechelewa, na kipande cha mwanzo kimeshamezwa. Ni kipande kidogo, hata sekunde haifiki. Lakini chukua mfano swali ni "Mtoto alimaliza chanjo?" na mama anajibu kwa neno moja, "La", kisha anaendelea kueleza. Hilo "la" ndilo linalomezwa. Nasikia tu "kliniki ilikuwa imefungwa siku hiyo." Narudisha nyuma, nasikia swali, nasimamisha niandike swali, naendelea, na "la" limeenda tena. Ukifanya hivyo siku nzima kichwa kinauma, na mbaya zaidi, unaanza kubahatisha. Kazi ya kunakili mahojiano haina nafasi ya kubahatisha.

Hata bila huko kusinzia, sauti ya Bluetooth lazima ibanwe, irushwe hewani, ipokelewe na kufunguliwa upande wa pili. Kwa vifaa vya kawaida safari hiyo huchukua kama milisekunde 100 hadi 200, na vingine hupita hapo. Kwenye video hugundui kwa sababu programu nyingi huchelewesha picha kidogo ili zilingane na sauti. Anayecheza gemu ndiye anajua, maana anapigwa risasi kabla ya kuisikia. Kwenye waya umeme wa sauti unatoka kwenye simu na kufika sikioni papo hapo. Unabonyeza, unasikia.

Sababu yangu ya pili ni redio, na hapa ndipo nashangaa watu wanavyosahau. Redio ya FM kwenye simu haitumii bando. Inahitaji antena, na antena hiyo ni waya wa iafoni zako. Ndiyo maana ukifungua programu ya redio bila kuchomeka kitu, simu nyingi hukuambia uchomeke iafoni kwanza. Mawimbi ya FM, yale ya megahazi 88 hadi 108, yana urefu wa karibu mita tatu, kwa hiyo waya wa mita moja na kidogo unayanasa vizuri. Ukiukunja ndani ya mfuko stesheni inaanza kukwaruza, ukiunyoosha inarudi. Mimi huutoa nje ya sweta, nikaulaza begani, na Ramogi FM inaingia safi. Nikienda Busia kikazi nabadilisha stesheni njiani. Tukishapita kibao cha ikweta pale Maseno zingine zinaanza kupotea, na tukikaribia mpaka zinaingia za Uganda. Yote hayo bila kugusa hata shilingi ya bando. Wikendi mpira wa Uingereza unatangazwa kwa Kiswahili, na ukipanda matatu jioni ya Jumamosi utaona vijana na wazee wamechomeka waya sikio moja, sikio la pili wameliachia makanga. Sio kwamba wote hawana uwezo wa kununua Bluetooth. Bluetooth haiwapi redio hiyo. (Wenye iPhone mtusamehe, nyinyi redio ya FM hamna kabisa, waya uwepo usiwepo.)

La tatu ni stima. Huku kwetu ikipotea, inaweza kurudi baada ya dakika kumi au ikalala nje. Ule usiku wa Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia gizani, simu yangu ilikuwa na chaji nusu na nilikuwa na faili ya kumaliza. Iafoni za waya hazina chaji ya kuisha. Zisizo na waya zina betri tatu: moja sikio la kushoto, moja la kulia, moja ndani ya kijisanduku chake, na zote ni za kuangaliwa. Betri hizo ndogo pia huzeeka. Zangu mwanzoni zilikuwa zinamaliza asubuhi nzima, kisha zikaanza kulia tii-tii kabla hata sijanywa chai ya saa nne. Fundi alizitazama akanirudishia. Kufungua kile kiganda bila kukivunja ni shida, na betri ya kuweka ndani hapa mjini hakuwa nayo. Baadaye moja ilichomoka nikiwa kwenye bodaboda pale Kondele, ikaingia mtaroni, na kijisanduku kikabaki na mjane wake. Nilijaribu kutafuta ya kushoto peke yake madukani. Sahau.

Sasa niseme ukweli kuhusu waya wenyewe, maana kuna watu wanazisifu kana kwamba hazifi. Zinakufa, tena kifo kimoja: shingoni. Pale waya unapoingia kwenye pini, ndipo unapokunjwa kila unapotia simu mfukoni, na ndipo nyuzi za ndani zinapokatika. Dalili mnaijua. Sikio moja linanyamaza, unapindisha waya kidogo linarudi, unatembea huku umeushika kwa vidole viwili ili usisogee. Za bei ya chini zinazotembezwa stejini hufika hapo upesi sana.

Fundi wangu ana meza chini ya mwavuli Kondele. Nilimpelekea zangu za kazi nikiwa tayari kuzitupa, akazipindapinda karibu na sikio lake, akasema, "Madam, hizi hazijafa. Zimeumia shingo tu." Alikata waya juu kidogo ya pale palipoumia, akachuna ganda la nje, na ndani zikatokea nyuzi nyembamba kama nywele, moja nyekundu, moja ya kijani, moja ya rangi ya shaba, na ya maiki pembeni. Mimi nilidhani hizo nyuzi ziko wazi, kumbe rangi ile ni vanishi ya kuzuia umeme, na usipoiondoa lehemu haishiki. Alipitisha moto wa kiberiti cha gesi kwenye ncha mara moja tu, akapangusa masizi kwa kidole gumba, kisha akagusa kila ncha kwa lehemu ikang'aa. Nyekundu ni sikio la kulia, kijani la kushoto, ya shaba ndiyo njia ya kurudisha umeme. Akaziunganisha kwenye pini mpya iliyopinda, akafunika kwa kimpira na kukibana kwa joto. Alinitoza shilingi 150 pamoja na pini. Iafoni zile bado zinafanya kazi, na pini iliyopinda imesaidia sana, maana waya sasa unalala ubavuni mwa simu badala ya kusimama wima na kukunjika. Tangu siku hiyo sinunui zenye pini iliyonyooka kama kuna iliyopinda.

Kuna jambo jingine linalowafanya watu watupe iafoni nzima bure. Unazichomeka, ngoma inasikika, gitaa linasikika, lakini mwimbaji hayupo, au yuko mbali kama mtu anayeita kutoka ndani ya kisima. Tazama pini: ina pete tatu nyembamba zinazoigawa sehemu nne, yaani kushoto, kulia, njia ya kurudi, na maiki. Hizo mbili za mwisho zilipangwa kwa namna mbili tofauti. Simu nyingi za zamani, Nokia zikiwemo, zilifuata mpangilio mmoja, na simu za siku hizi zinafuata mwingine. Ukichanganya iafoni za huku na simu ya kule, sauti ya mwimbaji inajifuta. Jaribu kubonyeza kitufe cha maiki na kukishikilia. Mwimbaji akirudi, basi iafoni ni nzima na simu ni nzima, ila hazipatani. Mpe mtu mwenye simu inayopatana nazo.

Na kabla ya kulaumu iafoni, chungulia tundu la simu. Vumbi la mfukoni hujazana mle mpaka pini haiingii yote. Kijiti cha meno, simu ikiwa imezimwa, kwa upole.

Tundu lenyewe ndilo linaloleta kelele siku hizi. Ni la milimita 3.5, na lina umri mkubwa kuliko wangu. Lilikuwa kwenye redio za transista kabla hata Sony hawajatoa Walkman mwaka 1979. Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016. Samsung wakafuata kwenye Note 10 mwaka 2019 na S20 mwaka 2020, na sasa limeanza kutoweka hata kwenye zile za kawaida: A15 ilikuwa nalo, A16 haina. Tecno, Infinix na itel za bei ya chini, ambazo ndizo zimejaa mifukoni huku, nyingi bado zinalo. Kwa hiyo ukiniuliza kama watu bado wanatumia waya, nami nitakuuliza ni watu wa simu gani. Kwenye matatu ya Kakamega au ya Busia bado waya ni mwingi. Kwenye mikahawa ya United Mall utaona masikio yenye vijiti vyeupe.

Simu yangu mpya haina tundu la duara. Ina lile la chaji tu, la Type-C, kama iPhone zilivyo tangu 15 ya mwaka 2023. Nikadhani ni kununua adapta ndogo na mambo yaishe. Duka la kwanza muuzaji alinichomekea adapta kwenye simu yake, ikacheza. Kwenye yangu ikakataa kabisa. Akaniambia simu yangu ni mbovu. Haikuwa mbovu. Adapta hizi ni za aina mbili, na kwa macho zinafanana. Moja ni nyaya tupu, inategemea simu itoe sauti iliyo tayari kupitia tundu la chaji, na simu nyingi hazitoi. Nyingine ina chipu ndogo ndani inayopokea sauti ya kidijitali na kuigeuza kuwa umeme wa kusikika. Hii ya pili ndiyo unayoitaka. Muuzaji wa duka la jirani alielewa mara moja nilipomwambia, akatoa iliyo na chipu, bei ikapanda, ikafanya kazi. Baadaye nikanunua iafoni zenye pini ya Type-C moja kwa moja, nazo zina chipu yake ndani, na sauti yake kwa kweli ni safi, hakuna kule kuvuma kwa chini ninakosikia kwenye simu yangu ya zamani.

Ila huwezi kusikiliza na kuchaji kwa wakati mmoja. Kwa mtu wa kazi kama yangu hilo linakera kuliko waya kukatika. Kuna adapta zenye matundu mawili, moja la chaji na moja la iafoni. Niliyonunua inapata joto simu ikichaji, na sijaipenda. Kwa hiyo nimefanya hivi: ile simu ya zamani yenye tundu la duara ndiyo simu ya kazi, inakaa mezani kwenye chaji na iafoni zimechomekwa. Mpya ni ya kutembea nayo.

Mahali waya unaposhindwa sitaficha. Jikoni unanasa kwenye mpini wa sufuria. Sokoni Kibuye ukiinama kuchagua nyanya, gunia la mtu linapita na iafoni zako. Ukitembea, waya unasugua kitenge na aliye upande wa pili wa simu anasikia upepo wa ajabu. Kwenye bodaboda na helmeti ni vita. Na kule steji kuu, waya unaotoka sikioni kuingia mfukoni unamwonyesha mwizi simu ilipo, hana haja ya kupapasa. Mimi nikifika pale navua na kukunja. Kwa anayekimbia asubuhi kuelekea Dunga, au mama mwenye mtoto anayevuta kila kinachoning'inia, nunua zisizo na waya na usijisumbue.

Masikio yenyewe nayo. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza hadi saa 40 kwa wiki, lakini ikifika 90 ni saa nne tu. Mimi na saa zangu za kazi niko karibu na ukingo huo hata nikisikiliza taratibu. Ndiyo maana nasisitiza vipira. Iafoni zinazokuja na vipira vya saizi tatu, chukua muda utafute vinavyoziba sikio lako sawasawa. Vikiziba, kelele za nje zinapungua na huna sababu ya kupandisha sauti. Zile ngumu za plastiki zisizo na vipira huingiza kelele yote ya matatu, na unajikuta umepandisha mpaka mwisho bila kujua. Kuhusu kuziosha sitasema mengi: vipira vinatoka, vina sabuni na maji.

Za kwangu za sasa, zile za pini ya duara, nilizipata kwa shilingi 400 mjini. Za Type-C zilikuwa 750 baada ya kuvutana sana. Zile za 100 zinazotembezwa stejini nanunua tu nikikwama. Dukani, usikubali kujaribiwa kwa simu ya muuzaji. Chomeka kwenye yako. Cheza wimbo unaoujua ambao kitu fulani kinasikika upande mmoja, uhakikishe kushoto ni kushoto. Pindisha waya pale shingoni huku wimbo unacheza. Kisha mpigie mtu, usimwambie unajaribu iafoni, zungumza naye kawaida tu, akiuliza "uko wapi, mbona kuna kelele?" rudisha hizo. Muuzaji akinuna, mwache anune. Duka la jirani zimening'inizwa hizo hizo, na huenda akakupunguzia hamsini kwa sababu amekuona ukitoka kwa mwenzake mikono mitupu.